KUFUNGUA NATI ZILIZOSHIKWA NA KUTU

Watu wengi wa Dodoma hudhani kwamba kutu ni adui wa watu wa pwani tu, kwa kuwa nchi ya Ugogo ni kavu. Sivyo. Kutu huzaliwa maji na hewa vikutanapo juu ya chuma. Mvua zinyeshapo, tangu Desemba hata Aprili, matope ya njia za vijijini hujishindilia kati ya springi na nati zake, yakakaa na unyevu siku nyingi. Na katika mbuga ya Bahi udongo una chumvi, nayo chumvi huhimiza kutu. Tena kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Ndiyo sababu nati hubanwa kana kwamba imechomelewa.

Basi pleti ya springi ikivunjika, au bushi zikiisha, fundi asiye na subira huvuta kwa nguvu mpaka bolti ikakatika, naye yu mbali na duka. Yafaa afuate taratibu hii.

Kwanza, gari lisimame mahali sawa, magurudumu yazuiwe, na fremu ikae juu ya stendi imara. Jeki ni ya kuinulia, si ya kumlinda mtu aliye chini. Na tofali hupasuka ghafula. Ekseli nayo itegemezwe.

Pili, jioni kabla ya kazi, sugua nyuzi za bolti kwa brashi ya waya, utie mafuta mepesi ya kulegezea kutu. Asubuhi tia tena.

Tatu, tumia spana ya duara iliyo kipimo sawasawa cha nati. Igonge nati kwa nyundo, uikaze kidogo, ndipo uilegeze. Ikigoma, irudishe, uongeze mafuta.

Nne, moto hutanua nati, lakini usiutumie karibu na mpira, tangi, mabomba ya breki au shokomzoba, wala mahali palipotiwa mafuta. Penye hatari hiyo, afadhali kuikata nati kwa tindo au msumeno.

Tano, yu-bolti, yaani zile zifungazo springi na ekseli, zikiisha kufunguliwa zisirudishwe, maana zimekwisha kuvutika, tia mpya. Bolti za bushi zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka juu ya magurudumu yake, kwani zikikazwa likiwa limening'inia mpira hujisokota, ukachanika upesi. Kaza kwa kipimo cha mtengenezaji, na baada ya safari ya kwanza uzikague tena yu-bolti.

Yu-bolti ikilegea, ekseli huweza kuhama mahali pake, na gari likaacha njia pamoja na abiria wake. Kwa hiyo usiku mmoja wa kungoja mafuta yapenye si hasara. Fundi mwema hajulikani kwa nguvu za mkono, bali kwa gari lililorudi salama.