Kumsomesha mtoto nyumbani Texas: pa kuanzia

Wazazi wanaozungumza Kiswahili Houston, Dallas na Fort Worth, wawe wametoka Kenya, Tanzania au Kongo, huanza na swali hili: je, serikali inaniruhusu kumsomesha mwanangu mwenyewe? Katika jimbo la Texas, ndiyo. Mwaka 1994 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kuwa masomo ya nyumbani yahesabiwe kama shule binafsi. Huhitaji kujiandikisha wala kulipia kibali, na mtoto hafanyi mtihani wa serikali. Hutaulizwa cheti cha ualimu. Mama aliyeishia darasa la saba ana haki sawa na mwenye shahada. Majimbo mengine yana sheria zao, kwa hiyo ukihama ulizia upya.

Masharti ni machache. Usomeshe kwa kweli, isiwe kisingizio cha kumweka mtoto nyumbani. Uwe na mtaala unaoweza kuonyeshwa: vitabu, karatasi za mazoezi au masomo ya video. Na ufundishe kusoma, tahajia (yaani kuandika neno kwa herufi zake sahihi), sarufi, hesabu na uraia mwema. Idadi ya saa au siku unapanga wewe. Lazima ya kusoma huanza kwa mtoto aliyefikisha miaka 6 ifikapo Septemba 1.

Je, mtoto ambaye tayari yuko shule ya serikali? Hapa usifanye haraka. Usiache tu kumpeleka, maana akikosa siku 10 ndani ya miezi sita bila ruhusa, familia inaweza kuitwa mahakamani. Andika barua fupi kwa mkuu wa shule: jina la mtoto, tarehe utakayoanza kumsomesha nyumbani, na saini yako. Itume kwa barua pepe ili ibaki kumbukumbu ya siku uliyoituma, na uhifadhi nakala. Barua yenye tarehe na saini inatosha. Mtoto ambaye hajawahi kuandikishwa shule ya serikali hahitaji barua hiyo.

Sasa siku ya kwanza. Wazazi wengi hutaka kuigiza shule nzima sebuleni, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nakusihi usifanye hivyo. Darasani mwalimu mmoja ana watoto ishirini na zaidi, na muda mwingi unaishia kwenye kupanga mstari, kunyamazishana na kungoja zamu. Wewe una mtoto mmoja au watatu. Kwa mtoto wa miaka sita, saa moja na nusu hadi mbili za kazi ya makini kwa siku zinamtosha, zikikatwa vipande vya dakika 15 au 20 na kuachwa nafasi ya kukimbia nje. Wiki ya kwanza fundisheni kusoma na hesabu tu. Tahajia na sarufi ziingie wiki ya pili, mtoto akishazoea kwamba mama ndiye mwalimu. Atakujaribu, atalia, atadai katuni. Ukiona machozi yamezidi, funga daftari, msomee hadithi, mrudi kesho.

Si lazima iwe asubuhi. Baba anayerudi kutoka zamu ya usiku ghalani alale kwanza, kisha asomeshe saa tisa alasiri. Kinachomsaidia mtoto ni saa ileile kila siku.

Unaanzia wapi kwenye kusoma? Kama nyumbani mnaongea Kiswahili, anza nacho. Silabi zake zinasomeka kama zinavyoandikwa. Mtoto akishika ba, be, bi, bo, bu, muda si mrefu atasoma "baba" na "bibi" peke yake, na ataonja raha ya kujua kusoma. Kiingereza kisichelewe, kwa sababu ndicho atakachohitaji nje ya mlango wenu. Kitengee kipindi chake, maana irabu zake hubadilika sauti kutoka neno hadi neno na zinaweza kumchanganya. Kwa hesabu, mimina maharage mezani, ayapange makumi makumi, ajumlishe na kutoa kwa vidole kabla ya kushika penseli. Uraia mwema mfundishe kwa vitendo: kuvuka barabara, kumsalimu jirani, kujua anayeongoza mji wenu na kazi yake.

Gharama je? Madaftari, penseli, rangi na mkasi havizidi dola 20 au 30, na wikendi moja ya Agosti jimbo huondoa kodi kwenye vifaa vingi vya shule. Kadi ya maktaba ya mji ni bure kwa wakazi. Omba pia ratiba ya saa ya hadithi kwa watoto. African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili mtandaoni bila malipo, na programu ya simu ya Khan Academy Kids haitozi kitu. Usikimbilie kununua mtaala wa mamia ya dola kabla hujajua mwanao anajifunzaje. Kuanzia mwaka wa masomo 2026-27 jimbo lina mfuko unaoweza kumpa mtoto anayesomea nyumbani hadi dola 2,000 kwa mwaka. Maombi hupitia ofisi ya Comptroller, yaani mhasibu mkuu wa jimbo, na kuomba si kupata, kwa kuwa fungu lina kikomo.

Gharama kubwa zaidi haionekani dukani. Mtoto akitoka shule ya serikali, mlo wa bure wa mchana unabaki huko, pamoja na mwalimu wa kuwasaidia wanaojifunza Kiingereza. Tena mzazi mmoja huenda akapunguza saa za kazi. Kaeni mpige hesabu hiyo mezani kabla ya kuandika barua, baba na mama pamoja.

Mwisho, weka faili. Kila Ijumaa tia humo karatasi chache alizoandika na orodha ya vitabu mlivyosoma. Texas haidai faili hiyo, lakini mkihamia jimbo lingine, au mtoto akirudi shule ya serikali, wilaya ya shule inaweza kumpima ili imweke darasa linalomfaa, na hapo karatasi hizo zitaonyesha alikofikia.