Dishi Moja, Vyumba Vingi: Kwa Nini Spilita ya Kawaida Haitoshi

Familia inaponunua runinga ya pili, jambo la kwanza linalofikiriwa ni kukata kebo ya dishi, kufunga spilita ndogo ya dukani na kupeleka kipande cha kebo chumbani. Kazi huonekana imekamilika. Baada ya siku chache malalamiko huanza: mtu akibadilisha chaneli sebuleni, picha inakatika chumbani. Fundi huitwa tena, dishi hugeuzwa, kebo hubadilishwa, na pesa huendelea kutoka. Mara nyingi dishi halina kasoro yoyote. Tatizo ni jinsi mawimbi yalivyogawanywa.

Makala haya yanaeleza kinachofanyika ndani ya kebo hiyo, njia zinazofaa za kufikisha matangazo ya setilaiti katika vyumba kadhaa, na mambo ambayo mkazi anapaswa kumuuliza fundi kabla ya kulipa.

Kebo ya dishi si bomba la maji

Setilaiti za televisheni ziko takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Mawimbi yake hufika yakiwa dhaifu sana, na masafa yake ni ya juu mno kupita kwenye kebo ya nyumbani: kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Dishi huyakusanya na kuyaelekeza kwenye kifaa kidogo kilicho mbele yake, ambacho mafundi hukiita LNB. Kifaa hiki huyakuza mawimbi na kuyashusha hadi kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yateremke kwenye kebo hadi kwa king'amuzi.

Watu wengi hawajui kwamba kebo hiyohiyo pia hupandisha umeme na amri. King'amuzi hutuma volti 13 kuitisha mawimbi ya wima, au volti 18 kuitisha ya mlalo. LNB nyingi pia husikiliza mlio wa kilohezi 22: ukiwepo, hutoa nusu ya juu ya masafa; usipokuwepo, hutoa nusu ya chini. Kwa hivyo chaneli zimegawika katika mafungu manne, na LNB ya tundu moja hutoa fungu moja tu kwa wakati mmoja.

Ving'amuzi viwili vikifungwa kwenye LNB hiyo kwa spilita, ni kama kazi moja yenye wasimamizi wawili. Mzazi sebuleni anatazama taarifa ya habari iliyo kwenye fungu la volti 18. Mtoto chumbani anataka katuni zilizo kwenye fungu la volti 13. LNB haiwezi kuwatii wote wawili, na kwa kawaida volti ya juu ndiyo hutawala. Wote wakiwa kwenye fungu moja, picha huonekana safi kila mahali. Ndiyo maana hitilafu hii huja na kuondoka, na wengi hudhani ni mvua au upepo.

Njia nne zinazofaa

1. Runinga mbili hadi nne, kila moja na chaneli yake. Nunua LNB yenye matundu mawili au manne yanayojitegemea. Kila tundu hupata kebo yake hadi kwenye king'amuzi chake, bila spilita katikati. Kwa nyumba nyingi hii ndiyo njia rahisi zaidi.

2. Nyumba kubwa au ploti ya kupangisha. Hapa hutumika LNB aina ya Quattro, ambayo kila tundu lake hutoa fungu moja wakati wote. Kebo nne huingia kwenye multiswichi, nayo humpa kila mpangaji fungu analoitisha. Quattro na Quad hufanana kwa macho lakini kazi yake ni tofauti: Quad hufungwa moja kwa moja kwenye ving'amuzi, Quattro hufungwa kwenye multiswichi. Soma maandishi kwenye boksi kabla ya kulipa.

3. Nyumba yenye nafasi ya kebo moja pekee. Kuna LNB na multiswichi zinazompa kila king'amuzi masafa yake maalum ndani ya kebo moja. Mfumo huu huruhusu spilita, lakini iliyoundwa kwa kazi hiyo, na lazima king'amuzi kiwe na uwezo wa kuutumia. Hakikisha hilo kwanza.

4. Picha moja vyumba vyote. King'amuzi kimoja hufungwa kwenye modyuleta, ambayo hugeuza picha kuwa chaneli ya antena. Kutoka hapo spilita ya kawaida inafaa, kwa sababu hakuna amri inayopanda kwenda kwa LNB. Gharama ni ndogo, lakini kila chumba kitatazama kile kinachotazamwa sebuleni.

Matangazo ya kidijitali ya antena, ambayo Kenya ilihamia kikamilifu mwaka 2015, hayana tatizo la mafungu. Kebo ya antena inaweza kugawanywa kwa spilita, mradi mawimbi yawe na nguvu ya kutosha: spilita ya njia mbili huacha kila upande na chini kidogo ya nusu ya nguvu.

Mkazi pia asichanganye multiswichi na swichi ndogo ya kuunganisha madishi mawili kwa king'amuzi kimoja. Swichi hiyo hufanya kazi iliyo kinyume kabisa na kugawanya.

Kebo na viungo

Kebo inayofaa ni RG6 ya omu 75. Katika masafa ya juu ya dishi, kebo nzuri ya aina hii hupoteza takriban desibeli 30 kwa kila mita 100. Kila desibeli 3 zinazopotea ni nusu ya nguvu. Hivyo kebo ya mita 20 hupoteza desibeli 6, na robo tu ya nguvu ndiyo hufika. Kebo nyembamba ya RG59 hupoteza zaidi. Usizungushe kebo ndefu kuliko inavyohitajika, na usiikunje kwa kona kali.

Viungo vya nje vifunikwe vizuri. Maji yakiingia ndani ya kebo huharibu mawimbi, na kebo hiyo haikauki, hubadilishwa. Kabla ya kuingia ukutani, kebo iachwe ining'inie kidogo chini ya tundu ili maji ya mvua yadondoke nje. Kwenye koneka, hakikisha hakuna uzi hata mmoja wa wavu unaogusa waya wa katikati, kwani LNB itakosa umeme na king'amuzi kinaweza kuharibika.

Usalama

Chomoa king'amuzi kwenye stima kabla ya kufunga au kufungua kebo. Usiweke dishi karibu na nyaya za umeme, na usipande paa likiwa na maji. Katika maeneo yenye radi nyingi, kama Kisii na Kakamega, fremu ya dishi na kebo ziunganishwe na waya wa ardhi na fundi wa umeme aliyeidhinishwa. Mawingu ya mvua yanapoanza kukusanyika, chomoa stima na kebo mapema; usingoje radi ianze.

Kuhusu sheria

Kifurushi cha kulipia cha nyumbani ni cha nyumba ya aliyekilipia. Kukisambaza kwa wapangaji au kukionyesha hotelini bila idhini kunaweza kukiuka mkataba na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Mwenye ploti anaweza kuweka dishi na multiswichi ya pamoja, na kila mpangaji akajilipia king'amuzi chake.

Kwa wanaojenga

Wakati mwafaka wa kupanga kebo ni kabla ya kuta kupigwa plasta. Pitisha paipu kutoka kila chumba hadi sehemu moja karibu na dari, na ziwe mbali na paipu za stima. Gharama yake ni ndogo kuliko kuchimba ukuta baadaye.

Kabla ya kumlipa fundi

• Muulize LNB ina matundu mangapi, na kama yanajitegemea.
• Muulize kama kuna spilita popote kati ya dishi na king'amuzi, na ni ya kazi gani.
• Thibitisha kwamba kebo imeandikwa RG6.
• Washa runinga zote kwa pamoja. Badilisha chaneli katika chumba kimoja huku wengine wakitazama vyumba vingine, kisha rudia kwa kila chumba. Picha ikikatika popote, kazi bado haijakamilika.