Mdogo Wake Fulani

Mdogo wangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Hiyo ya kuitwa "mdogo wake fulani" mbele ya wazazi, na wewe umeshika cheti chenye jina lako kamili, imeniuma kama ilivyokuuma.

Leo nataka usome kitabu. Kinaitwa Tomorrow, We Ride, kumbukumbu za Mfaransa Jean Bobet. Kilitoka kwa Kifaransa mwaka 2004, na tafsiri ya Kiingereza ikafuata mwaka 2008. Ni cha mbio za baiskeli, lakini usikikimbie. Hata kama hujawahi kutazama Tour de France, habari za mtu na kaka yake utazielewa.

Kaka mwenyewe ni Louison Bobet. Walikuwa watoto wa mwoka mikate wa Saint-Méen-le-Grand, mji mdogo wa Brittany. Baba aliitwa Louis na mwana Louis, ndiyo maana kijana akaitwa Louison, yaani Louis mdogo. Huyo Louis mdogo alitwaa Tour de France mwaka 1953, 1954 na 1955, wa kwanza kuitwaa mara tatu mfululizo, na hapo katikati akawa bingwa wa dunia. Sasa wewe zaliwa miaka mitano nyuma yake, halafu nawe upande baiskeli!

Jean alipanda. Msomi wa Kiingereza, mvaa miwani, akaingia barabarani na watu wasiojua huruma. Mwaka 1955 alishinda Paris–Nice, mbio ambazo vigogo wengi hustaafu bila kuonja ushindi wake. Miezi michache baadaye, kwenye Tour, alikuwa msaidizi wa kaka yake.

Umewahi kuendesha baiskeli nyuma ya mwenzako kusi ikivuma? Ukimkaribia, ghafla pedali zinakuwa nyepesi, maana kifua chake ndicho kinachoukata upepo. Hiyo ndiyo kazi ya msaidizi. Anatangulia kuupokea upepo, anarudi nyuma kuchukua maji, nahodha akipata pancha anasimama naye. Kesho yake picha gazetini ni ya mtu mmoja.

Wapo watakaosema Jean alijitoa kafara. Mimi sikubali. Jean aliona mambo ambayo magazeti hayakuyaona. Huyo Louison wa mabango, mwanzoni wenzake walimcheka kwamba ni mlialia. Na Tour ya 1955 aliimaliza akiwa amekalia vidonda, vidonda kweli, hata ikabidi afanyiwe upasuaji. Hebu fikiria kukaa juu ya tandiko kwa saa nyingi hivyo, siku baada ya siku, huku watu wanakushangilia.

Ndipo nikawaza juu yako. Kaka yako unamwona siku ya matokeo. Usiku wa kuamkia matokeo umewahi kumuuliza alilalaje? Muulize, tena kwa upole, si kwa kumchimba. Nina hakika naye ana vidonda alivyovikalia kimya.

Mbio za Louison zilikatishwa na ajali ya gari nje ya Paris, ndugu wote wawili wakiwa ndani. Jean naye alikuja kufanya kazi ya uandishi wa habari za michezo. Louison alifariki mwaka 1983, siku moja baada ya kutimiza miaka 58, na mdogo wake akabaki karibu miaka arobaini zaidi. Zile Tour tatu zinajulikana dunia nzima, lakini aliyekuja kutusimulia zilivyokuwa kwa ndani ni yule msaidizi, na jina lililo kwenye jalada ni la Jean.

Kitabu kina kurasa zinazoeleza ile raha inayomjia mwendesha baiskeli bila taarifa, mwili na chuma vikawa kitu kimoja, kisha ikaondoka. Hizo zisome taratibu, ikiwezekana kwa sauti.

Ukimaliza, kiweke mezani kwa kaka yako. Halafu niandikie tena, na safari hii mstari wa kwanza uanze na jina lako.