Simu na Gari Vikielewana: Vidokezo kwa Dereva wa Kajiado

Magari mengi tunayoendesha huku kwetu, kuanzia Kitengela hadi Entarara, yalitumika Japani kwanza. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 8, hata yale ya bei ya kawaida siku hizi yanashuka Mombasa yakiwa na skrini ya kugusa, Bluetooth na vitufe vya simu kwenye usukani. Bado utamkuta dereva mwenye vyote hivyo ameshika simu sikioni, mkono mmoja kwenye usukani, na lori la saruji linamjia mbele. Tenga nusu saa jioni moja, gari likiwa limeegeshwa, upange haya.

1. Maliza kugusa kabla ya kuondoka.
Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari hukata mita 22 kila sekunde. Ukitazama skrini kwa sekunde 2 tu, umepita mita 44 bila kuona barabara, na kundi la mbuzi halihitaji zaidi ya hapo kuingia lami. Ramani, muziki na namba unayotaka kupiga viwe tayari kabla hujaondoka. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu gari likiwa kwenye mwendo, lakini faini ndiyo hasara ndogo kuliko zote.

2. Unganisha Bluetooth mara moja, iwe imetoka.
Washa Bluetooth kwenye simu, fungua sehemu yenye alama ya simu kwenye skrini ya gari, chagua jina la gari, kisha hakikisha namba inayotokea pande zote mbili ni ileile. Redio za zamani huomba namba ya siri, na mara nyingi ni 0000 au 1234. Je, skrini yote ni Kijapani? Fungua Google Translate, gusa kamera, uielekeze kwenye skrini: maandishi yatageuka mbele ya macho yako. Ukiwa hapo, tafuta kama kuna mpangilio wa lugha ya Kiingereza. Magari mengine yanao, mengine hayana.

3. Usikimbilie kubadilisha redio.
Redio ya Kijapani hushika FM kuanzia 76 hadi 90 au 95, ilhali vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana husikii vituo vingi, na wala redio haijaharibika. Kifaa kidogo cha kuhamisha mawimbi hufungwa nyuma yake na kazi ikaisha. Ukiamua kununua skrini mpya ya Android, usilipe kabla hujajaribu mambo matatu ukiwa kwa fundi: mtu akupigie simu injini ikiwaka akuambie kama sauti yako inasikika vizuri, kamera ya nyuma ifunguke unapoweka rivasi, na vitufe vya usukani viitikie. Fundi akisema vitufe vitashughulikiwa baadaye, subiri hiyo baadaye ukiwa na pesa zako mfukoni. Jambo jingine: baadhi ya redio za Toyota za Japani hujifunga betri ikichomolewa na kuomba namba ya kufungulia. Uliza kabla betri haijaguswa.

4. Kagua kebo.
CarPlay ya iPhone ilitoka mwaka 2014, Android Auto mwaka 2015, na zote mbili huleta ramani, simu na muziki kwenye skrini ya gari kwa alama kubwa zinazoguswa kwa urahisi. Zikikataa kufunguka, mara nyingi kosa ni la kebo. Kebo nyingi za bei rahisi huchaji tu, hazipitishi data.

5. Fupisha majina kwenye simu.
Kitufe cha amri za sauti kwenye usukani ukikibonyeza na kukishikilia, unaweza kupiga simu bila kuangalia skrini. Shida ni kwamba msaidizi wa simu hujikwaa kwenye majina yetu ya Kimaasai, Kikamba na Kikuyu. Hifadhi watu unaowapigia kila siku kwa jina fupi: Mama, Fundi, Duka. Ujumbe wa Kiswahili unaweza kuuandika kwa sauti pia, kwani Google iliongeza lugha yetu mwaka 2017, lakini huo uandike ukiwa umesimama.

6. Linda siri ya M-PESA.
Simu ikiwa imeunganishwa na gari, ujumbe ukiingia arifa hutokea kwenye skrini. Ukiigusa, gari linasoma kwa sauti: kiasi ulichopokea, jina la aliyetuma na salio lako lote, huku abiria wanne wakisikiliza. Ingia kwenye mipangilio ya Android Auto au CarPlay uzime arifa za ujumbe.

7. Pakua ramani ukiwa na mtandao mzuri.
Kwenye Google Maps chagua eneo lote la safari yako ulipakue, ili mtandao ukififia njiani ramani iendelee kukuongoza. Unaenda kwenye boma lisilo na jina la barabara? Mwombe mwenyeji akutumie pini ya WhatsApp ungali mjini, uihifadhi.

8. Lisikilize gari kwa simu.
Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko wote. Kuna kifaa kidogo kiitwacho ELM327 kinachochomekwa chini ya usukani na kuzungumza na simu kupitia Bluetooth. Ukiweka programu kama Torque, taa ya injini ikiwaka utaona namba ya hitilafu, na joto la maji ya rejeta utalisoma kwa nyuzi badala ya kukisia. Piga picha ya ile namba umpelekee fundi, wala usiifute kabla hajaiona. Baadhi ya magari ya zamani ya Japani hayakubaliani na kifaa hiki, hivyo jaribu cha rafiki kwanza. Ukimaliza, kichomoe: hakina ulinzi wa maana.

9. Traka isikuponze.
Traka nyingi za kufuatilia gari hupokea amri kwa SMS, na zinauzwa zikiwa na nenosiri 123456. Libadilishe siku hiyohiyo, na laini yake isikose salio. Amri ya kukata injini usiitume gari likiwa kwenye mwendo, kwa sababu usukani na breki huwa vizito ghafla na anayegongwa huenda akawa mpita njia.

10. Simu isikae juani.
Apple inashauri iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na dashibodi ya gari lililoegeshwa Kajiado mchana hupita hapo kwa mbali. Ishikize karibu na tundu la hewa baridi.

11. Ukiuza gari, futa kila kitu.
Skrini huhifadhi majina, namba za simu zilizopigwa na njia ya kufika nyumbani kwako. Irudishe kwenye mipangilio ya kiwandani, ondoa gari kwenye orodha ya Bluetooth ya simu yako, na umkabidhi mnunuzi nenosiri la traka. Gari la kukodi nalo lifanyie hivyo kabla hujarudisha ufunguo.