MAJI KWANZA, SAMAKI BAADAYE
Somo kwa vikundi vinavyoanza kufuga ngege



Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukuza ufugaji wa samaki, na mabwawa ya mita mraba 300 yakachimbwa sehemu nyingi za nchi. Baadhi yalileta chakula na pesa. Mengine siku hizi ni makao ya vyura tu. Kuchimba shimo na kulijaza maji ni kazi, lakini bado sio bwawa.

Tunapotembelea vikundi tunaona haraka moja: shimo limekwisha leo, kesho watu wanataka vifaranga. Wakifa, pesa ya mchango imepotea, na wanachama wanaanza kulaumiana. Kikundi chaweza kuvunjika kwa jambo ambalo subira ya mwezi mmoja ingelizuia. Basi tufuate hatua hizi.

1. Tuangalie shimo. Udongo uwe wa mfinyanzi unaoshika maji. Upande mmoja kina kiwe karibu nusu mita, na mwingine mita moja. Ondoeni mizizi na mawe. Pandeni nyasi kwenye kingo, sio miti, maana mizizi ya miti hutoboa ukuta. Wekeni ua ili watoto wasitumbukie.

2. Chokaa. Udongo mwingi una uchachu, na maji yenye uchachu hayaoti chakula cha samaki. Nyunyizeni chokaa ya shambani chini na kwenye kingo, kilo 10 hadi 20 kwa kila mita mraba 100. Kwa bwawa la mita mraba 300 ni kilo 30 hadi 60. Msitumie chokaa kali ya kuchoma ngozi bila kumwuliza afisa wa uvuvi.

3. Maji. Funikeni mdomo wa mfereji kwa wavu wa matundu madogo ili samaki wa mwituni na mayai ya vyura visiingie. Kambare mmoja mkubwa akiingia, vifaranga watakwisha. Jazeni, halafu ngojeni wiki mbili, kwa sababu chokaa na mbolea vikiwekwa pamoja, chokaa hukamata nguvu ya mbolea.

4. Mbolea. Kwenye pembe ya bwawa zungushieni fito, mtie samadi kavu humo ndani ili itoke polepole. Kilo 5 kwa wiki kwa kila mita mraba 100 zatosha. Msimwage gunia zima kwa siku moja! Samadi ikioza hula hewa iliyo ndani ya maji, na alfajiri mtaona samaki wameinua midomo juu wakitafuta pumzi.

5. Kipimo cha mkono. Baada ya siku 7 hadi 10 maji huanza kuwa kijani. Hiyo ni mimea midogo sana, ndiyo chakula cha kwanza cha ngege. Ingiza mkono wima, kiganja kikiwa kimekunjwa kutazama juu. Kiganja kikipotea maji yakikaribia kiwiko, bwawa liko tayari. Kikionekana hata baada ya kiwiko, ongezeni samadi. Kikipotea maji yakiwa bado kwenye kifundo cha mkono, acheni mbolea kabisa mpaka maji yapungue ukijani.

6. Sasa vifaranga. Agizeni wawili au watatu kwa kila mita mraba moja, sio zaidi. Waleteni asubuhi au jioni. Mfuko uelee juu ya maji dakika 15 hadi 20 bila kufunguliwa, ili joto lilingane. Kisha fungueni, tieni maji ya bwawa kidogo kidogo, na mwache watoke wenyewe. Kuwamwaga kwa nguvu ni kuwaua.

Jambo la mwisho: msilipie vifaranga kabla ya kipimo cha mkono kukubali. Mweka hazina asitoe pesa hata kama wanachama wanapiga kelele. Mwandike hivyo kwenye kitabu cha kikundi.

MASWALI YA KUJADILIANA
1. Nani kati yetu atapima maji kila wiki, na akisafiri nani atashika zamu?
2. Samadi yetu itatoka kwa nani, naye tutamlipa vipi?
3. Wanachama wakikosa subira, tutaongea nao namna gani bila ugomvi?

Haraka haraka haina baraka. Tunawatakia kazi njema.