Kabla hujafunga mota mbele ya mtumbwi

Mpunga umeshaingia kwenye magunia, maji yanarudi mtoni, na kuanzia Minepa hadi Lupiro maswali yanayonifikia si ya mbegu tena. Ni ya mota. Mkulima ameuza magunia yake, amesikia kuna mota ndogo ya umeme inayofungwa mbele ya mtumbwi, haili petroli, haina kelele, inachajiwa kwa sola, na anataka kujua anunue ipi kabla kambale na perege waliobaki kwenye mabwawa hawajaisha. Wanaouliza ni walewale tuliozungumza nao habari za mbegu ya mpunga ya SARO 5 kabla ya mvua. Huku bonde la Kilombero mkulima na mvuvi ni mtu mmoja: mvua zikija anashika jembe, maji yakirudi mtoni anashika kafi. Kwa hiyo leo mpunga upumzike, tuzungumze mota.

Swali zuri kuliko yote nimeulizwa na mzee mmoja wa Kindamba, mtu aliyezaliwa juu ya maji. Alinisikiliza nikimwelezea volti na betri mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Bwana Shamba, hiyo mota itanirudisha?"

Nikamjibu, "Itakupeleka, babu, na samaki utabeba."

"Sijauliza kwenda. Kwenda hata maji yananipeleka. Nimeuliza kurudi."

Nimekaa na swali lile wiki nzima, na kila ninachokiandika hapa kinajaribu kulijibu.

Mota hizi si mpya. Ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1934 na fundi wa Marekani, O. G. Schmidt, mjini Fargo, kwa kutumia stata ya gari la Ford. Kazi yake tangu mwanzo ilikuwa kumsogeza mvuvi polepole, bila kuwashtua samaki. Haikukusudiwa kushindana na mto. Inafungwa mbele kwa sababu inavuta. Mkokoteni ukivutwa na punda hufuata punda, lakini ukiusukuma kwa nyuma kila jiwe linaugeuza. Mtumbwi nao ni hivyohivyo: ukivutwa, pua inabaki imeelekea mkondo, na mtumbwi uliokabili mkondo kwa pua ni vigumu kupinduka.

Sasa anza na maji yako kabla ya kwenda dukani. Chukua gunzi la mahindi. Pima mita 10 kandoni mwa mto, chomeka mti kila mwisho, tupa gunzi katikati ya mkondo, na uhesabu sekunde. Likichukua sekunde 10, mkondo unakwenda karibu kilomita 3.6 kwa saa. Likichukua sekunde 6, ni kilomita 6. Mota za aina hii, hata ukinunua ya nguvu kubwa, hazikimbizi mtumbwi uliobeba zaidi ya kilomita 5 hadi 7 kwa saa, maana rafadha zake zimechongwa kwa mwendo wa taratibu. Ukiongeza nguvu unaweza kuvuta mzigo mzito zaidi, ila mwendo hauongezeki sana. Kwa hiyo gunzi likipita kwa sekunde 6 au chini yake, mota ya umeme itakutoa jasho la roho: itazunguka, betri itakwisha, na wewe utakuwa unautazama mti uleule wa ukingoni.

Mzee wangu alilitupa gunzi pale anapovukia. Sekunde tano. Tukalirudia kwenye bwawa lililo nyuma ya mashamba yake, gunzi likakaa palepale likizungukazunguka kama linasubiri mtu. Jibu lake likawa limepatikana bila mimi kusema neno.

Nasisitiza hili kwa sababu mto wetu si mtulivu. Kilombero unaupa mto Rufiji zaidi ya nusu ya maji yake. Ukisimama Aprili kwenye daraja la Magufuli, lile la mita 384 lililochukua kazi ya kivuko, utaona miti mizima ikipita chini yako, na aliyekuwepo bondeni kwenye mafuriko ya 2024 hahitaji kukumbushwa. Mota ya umeme ni ya kuanzia Juni hadi mvua zinaporudi, nayo ni ya mabwawa, mikono ya mto iliyotulia na vijito vya kupitia matete. Kwenye mto wenyewe wakati wa masika, hapana. Sitabadili neno hilo hata muuzaji akiapa.

Ukishajua maji yako, pima mtumbwi wako. Kanuni ya watengenezaji ni nguvu ya paundi 2 kwa kila kilo 45 za uzito wote. Mtumbwi wa kilo 200, watu wawili kilo 130, betri kilo 30, nyavu na samaki kilo 60: jumla 420. Hiyo inakupa kama paundi 19, lakini ni kwa maji yaliyolala. Upepo na mkondo mdogo vinaidai hesabu hiyo mara mbili au zaidi. Ndiyo maana mimi ninashauri paundi 45 hadi 55 kwa mtumbwi wa kawaida, na hapo ndipo mota za volti 12 zinapoishia. Ukivuka kwenda 80 unahitaji volti 24, yaani betri mbili, na za 112 zinataka betri tatu. Mtumbwi wa gogo hauna nafasi ya kubeba betri tatu na samaki pia.

Usiyeamini hesabu, tumia mizani ya kuning'iniza. Tulifanya hivyo kwenye mkono wa mto bondeni: tukafunga kamba kwenye mti, mizani katikati, kamba nyingine kwenye pua ya mtumbwi wenye watu wawili ndani. Mshale ukatulia kwenye kilo 4. Kilo moja ni paundi 2.2, basi hizo ni kama paundi 9 za kusimama tu bila kwenda popote. Halafu upepo ukaupiga mtumbwi, ukakaa ubavu kidogo, na mshale ukaruka hadi kilo 11. Hakuna kilichoongezeka ndani ya mtumbwi, ila maji yalipata ubavu wa kuusukuma. Nguvu ya akiba ni ya dakika kama hiyo.

Betri ndipo pesa nyingi zinapopotea, na mimi mwenyewe nimepotezea hapo. Duka moja liliniuzia betri ya gari likiniambia ni ya sola. Ilikuwa na alama ya 100, yaani ampea-saa 100, kwa tarakimu kubwa. Msimu haukwisha, kufikia Septemba ilikuwa haifikishi hata nusu saa. Betri ya gari imeundwa kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Mota inataka umeme wa saa nyingi, na betri ya gari ikimalizwa hivyo mara kwa mara, mabamba yake ya ndani hufa. Uliza betri ya kutoa umeme kwa muda mrefu, inyanyue usikie uzito wake, na kama muuzaji hawezi kukuonyesha maandishi yanayosema ni ya kazi hiyo, rudisha pesa mfukoni.

Kisha fahamu kwamba 100 si 100. Betri ya risasi na asidi usiimalize zaidi ya nusu ukitaka idumu. Mota ya paundi 55 ikifunguliwa yote inakula karibu ampea 50, basi hiyo nusu yako inaisha chini ya saa moja. Ukiifungua kidogo, kwenye ampea 10 hivi, unapata saa nne au tano. Mwendo wa kinyonga ndio unaokupa siku nzima ya kuvua. Nunua mita ndogo ya volti, ifunge kwenye boksi la betri. Zima mota, subiri dakika chache, soma: ikionyesha 12.4 anza kurudi, hata kama samaki ndiyo kwanza wanaanza kula. Ikionyesha 12.2 umeshafika nusu na ulitakiwa uwe nyumbani.

Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi ya mara mbili, na unaweza kutumia karibu umeme wake wote. Ni ghali. Kwa mwenye mtumbwi mwembamba ningesema ajibane anunue, maana kilo 15 au zaidi zinazopungua ni kilo za samaki zinazoongezeka, lakini achaji kwa chaja na kontrola zinazokubaliana na betri ya aina hiyo. Na paneli? Paneli moja ya wati 100 kwa jua letu la kiangazi inarudisha kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Ukitumia 50 leo, kesho unalima bustani, keshokutwa ndiyo unakwenda majini. Anayetaka kwenda kila siku anunue paneli mbili. Upande wa Kenya, kwenye Ziwa Victoria, kampuni ya ASOBO imetumia njia ya kuwakodishia wavuvi injini za umeme na betri zake, na ninaona ni njia ambayo chama cha ushirika cha huku kingeweza kuifikiria: paneli nyingi sehemu moja, betri za zamu.

Boksi la betri likae katikati ya mtumbwi, chini, limefungwa kamba. Waya uwe mnene na mfupi, na karibu na betri uweke fyuzi au breka ya ampea 60. Waya mwembamba hupata moto, na moto ndani ya gogo kavu mahali penye mamba ni balaa ambalo hutaki kulichagulia upande wa kurukia.

Mota za kukanyaga kwa mguu zinavutia kwenye picha, lakini zinataka sakafu bapa, na sakafu ya mtumbwi wetu ina maji na tope. Chukua ya mkono. Shafti ipime kwa kamba: kutoka ukingo wa mtumbwi hadi majini, ongeza sentimita 30 au zaidi kidogo ili rafadha izame yote. Kwa mitumbwi iliyo mifupi kwa kimo, shafti ya sentimita 76 hadi 90 inatosha. Ndefu zaidi italima tope. Pua ya gogo ni nyembamba, basi mwambie seremala apitishe ubao mgumu juu ya kingo mbili, aukaze kwa bolti, na mota uifunge pembeni ya pua juu ya ubao huo. Misumari haifai, inalegea.

Chagua rafadha ambayo mapanga yake yamerudi nyuma, hiyo husukuma majani badala ya kuyakusanya. Hata hivyo matete na mayungiyungi yatakukamata. Yakikukamata, zima, nyanyua mota yote itoke majini, ndipo usafishe. Usiingize mkono majini kamwe. Na kila ukirudi nyumbani, fungua nati, toa rafadha, chungulia nyuma yake. Uzi wa nyavu huingia pale ukajizungusha kimyakimya, ukakata sili, maji yakaingia ndani ya mota, na wewe ukadhani umeuziwa mota mbovu. Ni kazi ya dakika tano na kitambaa. Beba nati na pini ya akiba, zishonee mfukoni kama ni lazima.

Kuna jambo la kiboko. Tunasifu mota hii kwa ukimya wake, lakini ukimya huohuo unakufikisha juu ya kiboko kabla hajakusikia, na kiboko aliyeshtuka ndiye anayepindua mitumbwi. Kila unapokaribia kona au matete, piga kafi kwenye ubavu wa mtumbwi, ko, ko, ko, mpe nafasi ya kuondoka. Giza likiingia uwe nchi kavu. Jaketi okozi livaliwe, lisikaliwe kama mto. Kafi na upondo havitoki mtumbwini hata ukinunua mota ya bei gani.

Wale ambao gunzi limewakataza wasikate tamaa. Huko Thailand na nchi nyingine za mto Mekong, wakulima wa mpunga kama sisi huchukua injini ndogo ya petroli, ndugu ya ile ya pampu yako ya maji ya farasi 5.5 au 6.5, wakaifunga shafti ndefu yenye rafadha mwishoni. Inapozwa na hewa, kwa hiyo tope halizibi chochote, na fundi wa pampu au pikipiki anaijua. Ikifanya kazi nzito inakunywa kama lita moja na nusu kwa saa. Ila inataka boti ya mbao yenye upana, maana inatikisa, na gogo jembamba litakumwaga. Injini ya boti ya farasi 15 ni nzuri mtoni, nayo pia ni ya boti pana, na mchanga wa Kilombero huitafuna pampu yake ya maji ya kupozea. Hakikisha vipuri vyake unajua vinapatikana wapi kabla hujalipa.

Kabla ya yote, pita kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri upate leseni ya chombo na ya kuvua, na akuonyeshe mpaka wa Pori la Akiba Kilombero, kwa sababu mota itakufikisha mahali ambapo kafi haikuwahi kukufikisha.

Mvua za kwanza zikianza, ivue mota. Ioshe kwa maji safi, ikaushe, iweke darini mbali na panya wanaotafuna waya. Betri ichaji ijae, paka grisi kwenye vichwa vyake, ilete ndani. Usiiache ikae bure mpaka Juni. Iwashe taa nyumbani, watoto wasomee, na paneli iijaze kila siku jua linapotoka kati ya mawingu.