Jiko la Kuni la Zamani Likaguliwe Kabla ya Kuwashwa

Julai ni mwezi wa baridi katika Kaunti ya Kajiado, na mtu aliyenunua nyumba huko Laiser Hill, akikuta ndani yake jiko la chuma la kuni, hutamani kuliwasha mara moja. Asifanye haraka. Kwanza bomba la moshi lisafishwe. Masizi mengi huweza kushika moto na kuunguza paa. Nyufa zizibwe na fundi. Moshi ukirudi chumbani, ni dalili kwamba bomba limeziba: hapo hujaa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini. Kuni ziwe kavu, dirisha liachwe wazi kidogo, na moto uzimwe kabla ya kulala. Majivu yatiwe katika debe lenye kifuniko, nje ya nyumba.